Maneno ya Papa wa Kambale

Yaya Masika, nawasalimu wote huko Masereka.

Hapa Beni joto linatuchosha. Juzi, katika somo la kuandika utafiti wa filozofia, profesa alikata kwa wino mwekundu sentensi ya rafiki yangu Kambale wa Oicha juu ya kusamehe.

"Referansi iko wapi? Nani alisema hii?"

"Ni papa yangu aliyenizaa, Prof. Tulikuwa tunavuna kakao. Kesho yake waasi bakamuua."

Kisha profesa akatufundisha namna ya kuandika mazungumzo kama referansi chini ya ukurasa: jina, mahali, tarehe. Kambale alishindwa kuandika tarehe. Alinitajia, nikamwandikia mimi.

Yaya, ukae na Papa, umuulize mambo, uandike maneno yake na siku aliyoyasema. Mungu abalinde.

Mdogo wako, Muhindo