Macho ya Wangari Ni Meupe Tena

Mama Wangari,

Usishtuke kuona huu mwandiko. Ni mimi mwenyewe, hakuna mtu amenishikia kalamu. Muriithi alitaka kuniandikia nikamwambia akae na simu yake, maneno ya mke wangu hayapitii kwa mtoto. Wale wazee tulioanza nao masomo ya ngumbaru walikimbia wote kabla hawajaweza kuandika majina yao. Mimi sikukimbia. Ukiona herufi zinapanda mlima, ni meza imeinama, si mimi.

Nakuandikia kwa sababu ya Wangari. Yuko hai. Nimeanza na hilo ndiyo usome haya mengine ukiwa umetulia.

Wewe ulituacha macho yakiwa ya manjano, ini imekwisha. Hukujua kwamba baadaye binti yako naye angeshikwa na ini. Alishikwa. Madaktari wakasema hiyo yake haitarudi, labda apate kipande cha mtu wa damu yake. Wa kwanza kujitolea ni mimi. Nilimwambia daktari ini yangu ni ya mtu wa zamani, haijawahi kuonja pombe. Wewe nyamaza hapo ulipo. Daktari akaangalia kitambulisho changu akasema, "Mzee, hiyo yako iache ikusaidie mwenyewe." Ati umri! Na hapa Giakanja hakuna kijana anaweza kunifuata nikipanda na gunia ya mbolea.

Aliyetoa ni Muriithi. Ndiyo, Muriithi wako, yule anakataa kuazima jirani wilbaro. Alienda India na dada yake, akakatwa ini akampa, na aliporudi hakutaka hata jambo hilo litajwe. Hiyo roho aliitoa kwangu.

Wangari alikuja kukaa hapa nyumbani, akapona, akanona. Akaanza tena kwenda Endarasha kununua viazi na kuviuza Nyeri. Mimi nikasimama kanisani nikatangaza kwamba shida imekwisha. Unajua sauti yangu, hakuna aliyekosa kusikia.

Haikuwa imekwisha. Wakati wa kuvuna maharagwe nikaona anajikuna. Mikono, nyayo, mpaka anasugua mgongo kwa mlango kama ng'ombe mwenye kupe. Nikimwuliza anasema ni sabuni. Siku moja tumekaa nje tunachagua maharagwe, nikasema kitu akacheka, akainua uso kwa jua. Mama Wangari, niliona macho yako. Yale ya mwisho.

Nikamwambia avae viatu twende hospitali. Akakataa. "Baba, nimechoka kushonwa kama gunia. Kama ni kwenda, wacha niende." Nikapiga karai teke, maharagwe yakamwagika yote. Yeye akaanza kuyaokota moja moja, ni kama hajasikia mtu. Si unajua kichwa yake. Hiyo kichwa ni ya mama yangu, na jina ni la mama yangu.

Na hapo ndipo nilikumbuka ni nani niko naye. Tangu azaliwe namwita Maitu, mama, kwa sababu yeye ndiye mama yangu amerudi, hivyo ndivyo sisi huwapa watoto majina. Lakini nilikuwa namwita tu hivyo nikimtuma maji. Siku hiyo nikavua kofia. Nikakaa chini kwa hayo maharagwe, hapo kwa miguu yake, nikasema, "Maitu, nilikuzika mara ya kwanza nikiwa kijana na nguvu zangu. Sasa mimi ni mzee. Mara ya pili siwezi. Usiniache."

Watu wanasema nililia. Watu wa Giakanja hawana kazi.

Akasema, "Wee mtoto, inuka, utashikwa na baridi." Akaingia ndani kutafuta viatu.

Huko Nairobi daktari alinieleza pole pole. Ini yenyewe ni nzima, inafanya kazi yake. Lakini ule mrija wa kupitisha nyongo, pale uliposhonwa, kovu limeubana. Nyongo ikikosa njia inarudi kwa damu, ndiyo macho yanageuka na mwili unawasha. Mimi nimechinja mbuzi wa kila harusi ya mlango wetu, na sijawahi kupasua nyongo hata moja. Najua tone moja linavyofanya nyama iwe chungu. Nikafikiria hiyo kitu ikizunguka ndani ya mtoto wangu. Sikuuliza tena. Nilikaa kwa benchi, nikaikalia mikono yangu.

Hawakumpasua. Walipitisha mpira mwembamba wenye taa kwa mdomo mpaka ndani, wakapanua pale palipobana, wakaacha hapo kamrija kadogo ka plastiki nyongo ipite. Alipoamka aliomba chai. Mimi kila asubuhi nilikuwa namfungua kope kuangalia, mpaka nesi akanigombeza mbele ya watu: "Guka, babu yangu, utamtoboa jicho! Mwache apone!"

Ile manjano ilienda kama ukungu wa mlimani, huoni ukitoka, unaona tu umetoka. Leo asubuhi ameniletea chai hapa mlangoni. Meupe, Mama Wangari. Meupe kabisa. Na hajikuni. Amenigombeza juu ya soksi zangu, na mimi nimesimama pale nikifurahia kugombezwa kama mjinga.

Sitakudanganya kwamba tumemaliza. Hako kamrija katabadilishwa baada ya miezi michache, na tena, mpaka hapo mahali pakubali kukaa wazi penyewe. Ameshaanza kunung'unika. Lakini nakuahidi, kila mara nitaenda naye. Akikataa nitakaa chini tena, hata iwe ni sokoni mbele ya wateja wake. Nimezeeka, aibu imeniisha.

Sasa pumzika. Wakati ule alikuwa anaumwa niliogopa kwamba umeshamtandikia kitanda huko uliko, kwa vile wewe hukuwahi kungoja mgeni afike ndiyo uanze kutafuta blanketi. Kama ulitandika, kunja. Zamu inayofuata ni yangu, na mimi sina haraka.

Mume wako,
Baba Wangari