Kusoma: Bado

Katubuka, Kigoma
18 Agosti 2024

Kwako Baba Scola,

Habari za siku nyingi? Natumaini barua hii itakukuta mzima na kile kikohozi kimekuachia. Sisi huku afya ni nzuri. Mama yako anakusalimu kutoka Kasulu. Unisamehe mwandiko, unajua niliishia darasa la tatu, na mikono hii inanuka dagaa mpaka kwenye karatasi.

Nina jambo. Ijumaa Scola alirudi na karatasi ya shule. Darasa la pili watapimwa mwezi wa kumi na moja, kusoma, kuandika na kuhesabu, na sasa wamefanyiwa majaribio. Kuhesabu ameweza. Kuandika ameweza. Kwenye kusoma wameandika "Bado". Chini mwalimu ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Hafungui mdomo kabisa."

Nilimuuliza, kimya. Nilimchapa, Jeremia. Nilimchapa kwa mwiko mpaka jirani akaja kugonga. Hakulia. Alinitazama tu.

Wameita wazazi tarehe sita. Siendi. Kuna fomu ya kujaza, baba yuko wapi, anafanya kazi gani. Kibirizi tulihama kwa kukimbia maswali hayo hayo. Scola anajua uko Kalemie, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, kwenye boti la mizigo, na kila mtu hapa nimemwambia hivyo. Nikikosea neno moja tu, yote yanamwagika.

Mkeo,
Mama Scola


Gerezani
27 Agosti 2024

Mama Scola mpenzi,

Mwakeye, nakusalimu kwa Kiha chetu. Kifua kimepona, mshukuru Mungu. Barua yako nimeipata jana, imefunguliwa na kusomwa kama kawaida, kwa hiyo unapoandika ujue afande naye anakusikiliza.

Hiyo ya mwiko imenichoma. Mtoto anapigwa huko, na mimi siwezi hata kusimama mlangoni nikasema basi, inatosha. Mlango wa huku haufunguliwi kwa ndani.

Nenda kwenye mkutano. Kwenye fomu andika Kalemie. Waulize wanampimaje, maana Scola ninayemjua mimi alisoma jina lililoandikwa ubavuni mwa boti kabla hajaanza darasa la kwanza. Umesahau? Mpaka wachukuzi wa pale Kibirizi walimpigia makofi.

Na lingine. Barua zangu zifiche mbali, juu zimeandikwa Gerezani. Mtoto wangu asijue nilipo. Akikubana, apa. Nakuomba uniahidi.

Mumeo,
Baba Scola


Katubuka
15 Septemba 2024

Baba Scola,

Hujambo? Sisi wazima, ila mimi mgongo kidogo.

Nilienda. Mwalimu wao anaitwa Veneranda, binti mdogo tu, lakini ana maneno. Akasema, "Wazazi, huu si mtihani wa kumfukuza mtu. Tunampima mtoto tujue amekwama wapi, tumsaidie." Akaeleza kwamba mtoto anaitwa peke yake, anapewa hadithi fupi, anaisoma kwa sauti huku mwalimu ameshika saa, kisha anaulizwa maswali kuhusu alichosoma.

Halafu akamwita mbele Mzee Dismasi, yule fundi cherehani anayesoma neno kanisani. Akampa hiyo hadithi na saa ikaanza kuhesabu. Mzee alifika mstari wa tatu akakwama, jasho likamtoka. Tukacheka.

Mwalimu akamuuliza, "Mzee, kwani hujui kusoma?"

"Najua, mwalimu. Ila mmenikodolea macho."

"Basi na mtoto wa miaka minane anakodolewa hivyo hivyo. Na nyumbani kuna fimbo inamsubiri."

Niliangalia sakafu.

Ametuambia tukae na mtoto dakika kumi kila siku, asome chochote chenye maandishi. Akikwama, tungoje, tusimrukie. Akimaliza, tumuulize ameelewa nini. Asiyejua kusoma yeye asikilize tu, inatosha. Nimejaribu na pakiti ya chumvi. Scola aliziba mdomo kwa kiganja. Dakika kumi zote tulikaa hivyo, mimi na yeye na chumvi.

Fomu niliandika Kalemie. Mwalimu alisoma, akaniuliza, "Baba huwa anaandika barua?" Nikasema hapana. Nikatoka haraka.

Mkeo,
Mama Scola


Katubuka
29 Septemba 2024

Baba Scola,

Salamu. Sijangoja jibu lako kwa sababu hili haliwezi kungoja.

Kile kiapo ulichotaka siwezi kukila tena. Jana Scola alikuwa nje anaosha vyombo, mimi nikatoa barua yako ya Agosti niirudie. Unajua ninavyosoma, kwa kidole na kwa midomo. Nikakwama. Sauti ikatoka nyuma yangu: "Ubavuni, mama. Ubavuni mwa boti."

Aliendelea bila kuangalia karatasi. Alifika mpaka pale uliposema asijue ulipo, akanyamaza.

Amezisoma zote, Jeremia, tangu ile ya kwanza. Nilikuwa nazificha chini ya nguo kwenye sanduku, naye ndiye anayekunja nguo. Nikamuuliza, kwa nini basi shuleni hufungui mdomo? Akasema, "Mkijua najua kusoma, mtajua nimezisoma. Na wewe utalia."

Nilimchapa kwa kututunzia siri. Tumeishi chumba kimoja miezi yote hii, kila mmoja anamficha mwenzake jambo lile lile.

Kesho naenda kumwambia Mwalimu Veneranda. Hata ukikataa, barua yako itanikuta nimeshasema.

Mama Scola


Katubuka
20 Oktoba 2024

Jeremia,

Hujajibu. Unaumwa, au umekasirika?

Mwalimu nilimwambia. Hakushangaa. Alifunga mlango akanipa kiti. Sasa wakitoka darasani Scola anabaki naye dakika kumi. Sauti inatoka, ila ni ndogo kama ya mgonjwa, na akisikia hatua za mtu nje anaacha. Nyumbani bado.

Kila nikirudi kutoka kwenye dagaa Kibirizi ananiuliza kama kuna barua. Uongo umeniishia.

Yunisi


Gerezani
3 Novemba 2024

Mwanangu Scola,

Hujambo mama? Mimi mzima. Barua hii ni yako. Nimechelewa kwa sababu niliianza mara nyingi nikaichana.

Niko gerezani. Unajua, lakini nataka ulisome kutoka mkononi mwangu. Nilinunua injini ya boti kwa bei ya kutupa. Moyoni nilijua si halali, nikanyamaza. Wenyewe walikuja kuikamata, na nikafungwa miaka mitatu. Mwaka wa kwanza haujaisha.

Kalemie ni uongo wangu, si wa mama yako. Nilikuona mdogo wa kudanganywa, kumbe wewe ndiye uliyekuwa unatubeba sisi wakubwa. Nisamehe.

Ukiitwa kupimwa, usiogope. Ukikwama, ngoja kidogo. Hata usiposoma neno moja, wewe ni mtoto wangu, na mama hatagusa mwiko. Mwambie nimesema.

Baba yako


Katubuka
24 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mimi sijambo. Mama hajambo, mgongo tu. Bibi wa Kasulu hajambo.

Tumepimwa. Alikuja mwalimu mgeni mwenye miwani. Hadithi ilikuwa ya mbuzi aliyekula daftari. Mwanzo nilikwama. Nikangoja. Mgeni na yeye akangoja. Halafu nikasoma mpaka saa ikaisha lakini sikumaliza. Maswali yalikuwa matano nikajibu manne. Matokeo bado. Mwalimu Veneranda alisema sauti imesikika mpaka nje.

Barua yako nilimsomea mama. Pale kwenye injini niliruka, halafu nikarudi nikasoma. Mama alilia ila si sana. Mwiko anapikia ugali tu.

Winfrida wa darasani kwetu aliniuliza, "Baba yako yuko wapi?" Sikusema Kalemie. Nilisema sitaki kusema. Sasa hachezi na mimi.

Mama anasema tutakuja likizo. Anasema kuna waya katikati na hatutaruhusiwa kukushika, na watu wote wanaongea kwa pamoja, na muda ni mfupi. Nitaleta kitabu changu. Nitasoma kwa nguvu ili usikie.

Mwanao,
Scola