Kivuli Kilichobaki Nyuma ya Nyumba

Ijumaa, Oktoba inaishia. Jua tangu asubuhi, upepo na vumbi. Mvua haina hata dalili.

Leo sina hamu ya kitu. Nimefua, nimepika, nimeitikia salamu za watu, lakini moyo umekaa palepale ulipokaa tangu mchana. Naandika hapa kwenye ngazi ya jikoni kwa sababu ndani hapakaliki, na kwa sababu nisipoandika nitaanza kulia mbele ya watoto.

Watu wakisikia Mbeya wanafikiria sweta. Ni kweli, Juni na Julai tunatetemeka. Lakini mwezi wa kumi njoo huku Iyunga uone. Jua letu halikutoi jasho kama la Dar es Salaam, linakukausha. Midomo ya watoto inapasuka, pua zinatoka damu, vumbi la barabara kuu linaingia mpaka kwenye kopo la chumvi. Ndani ya nyumba bati limepata moto, mtoto anakimbilia nje, na nje hana pa kujificha.

Kwangu kuna kivuli kimoja tu. Kiko juu ya kaburi la mume wangu.

Nieleze vizuri. Mimi ni mtu wa Kihesa, Iringa, niliolewa hapa kwa Wanyakyusa. Kiwanja hiki ni cha familia, kimekuwepo tangu Iyunga ikiwa mashamba, na wenyeji wake wanazikana nyumbani. Nyuma ya nyumba, pembeni kabisa, amelala baba mkwe. Mwaka juzi akaongezeka Baba Atu, mume wangu. Kifua kilimsumbua wiki chache. Tukasema ni baridi, kumbe sivyo.

Zamani nyuma hapo kulikuwa na mparachichi mkubwa. Ulikuwa na ubaya wake, maana tunda likikomaa linaangukia lolote lililo chini, na Lusajo wangu akiwa anatambaa nusura limpasue kichwa. Lakini kivuli kilikuwepo. Siku za msiba ukakatwa. Watu walikuwa wengi, kuni ziliisha mapema, na nafasi ya kufunga maturubai ilitakiwa, basi vijana wakauangusha kabla mimi sijajua. Ulikuwa mbichi, ukatoa moshi kuliko moto. Nililia pale kwenye mkeka mpaka macho yakavimba, na watu wakasema huyu mama anampenda sana mumewe. Nilimpenda. Lakini machozi mengine yalikuwa ya ule moshi.

Mwaka ulipotimia ukoo ulikutana kujenga kaburi, kama desturi yao ilivyo. Wakaweka vigae vyeupe na msalaba, kisha nguzo nne na paa la bati ili mvua isiharibu vigae. Mabati hayakununuliwa. Yalikuwepo, yameegemezwa nyuma ya stoo, aliyaleta Baba Atu mwenyewe muda mfupi kabla hajaugua. Shemeji yangu, kaka yake mkubwa, aliniuliza yalikuwa ya kazi gani. Nikamwambia sijui, labda alitaka kuongeza jiko. Akasema basi yamfunike mwenyewe. Hakuna aliyepinga. Mimi nami niliona ni haki, kitu cha mtu kimrudie mwenyewe.

Basi ndivyo ilivyokuwa, marehemu akapata paa na watoto wake wakabaki juani.

Watoto wenyewe ni wawili. Atupele ana miaka tisa, anarudi kutoka shule mchana. Lusajo ana minne, anashinda nyumbani. Jua likipanda wanachukua magunzi yao waliyoyavisha vitambaa, vikopo vyao na mchanga wao, wanaenda kupika kwa baba. Mara nyingine Lusajo anasinzia hapohapo, shavu juu ya kigae, maana vigae vile vina ubaridi hata saa nane. Mara ya kwanza nilishtuka. Baadaye nikaacha. Niseme ukweli, ilinifariji. Nilijiambia angalau mwenzangu bado anakaa na watoto wakati mimi niko sokoni.

Mama mkwe hakuona hivyo. Yeye anaishi kwenye nyumba ndogo, hapahapa uani, na mlango wake unatazama makaburi. Kwao kaburi linapaliliwa, linaoshwa, mtu anasimama kwa adabu akiongea na mtu wake, basi. Halifanywi uwanja. Mwezi uliopita Lusajo alipopata homa, alisema mtoto akizoea kulala kule ataitwa. Utamjibu nini mtu aliyemzika mume na mtoto kwenye uwanja mmoja?

Akamwita shemeji. Shemeji si mtu mbaya, ndiye anayetuletea mahindi. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akazunguka weee, mwisho akasema atazungushia waya na kuweka geti dogo lenye kufuli. Funguo atakaa nazo yeye. Nilihisi kama wananifungia mume wangu polisi. Nikamwomba muda, nikasema watoto wanafuata kivuli tu, nikiwatengenezea kingine hawatakwenda tena. Akafikiri, akakubali. Wakihama wenyewe, waya hautakuwa na kazi. Wasipohama, Jumamosi hii anakuja na mafundi.

Jumamosi hii ni kesho.

Nilianza kwa kukosea. Nilifunga turubai la nailoni la bluu kutoka ukuta wa jiko hadi kwenye uzio, nikajisifu. Chini yake palikuwa na joto kama ndani ya chungu, hata kuku walipaogopa. Upepo wa Oktoba ukalimaliza, likabaki linapigapiga kama shati kwenye kamba.

Nikampigia mama yangu kule Kihesa. Akacheka, mara ya kwanza namsikia anacheka tangu msiba. Akasema nailoni haipumui, nitafute viroba. Halafu akanitumia mianzi kwa fuso iliyokuwa inapitisha mbao kwenda Tunduma. Ilikuwa mianzi mizee, ile iliyochoka kutoa ulanzi, pombe ya kwetu, iliyokatwa kiangazi ili isiliwe na wadudu. Katikati ya mzigo alifunga miche mitatu ya pasheni kwenye makopo ya maziwa, kila mmoja umefungiwa kitambaa kwa juu usivunjike njiani. Mama yangu hajui kusema pole kwa mdomo.

Nguzo hazikunisumbua, kwa sababu mashimo yalikuwepo. Nyuma ya jiko kuna mashimo manne, yalikuwa yamejaa majani na takataka, aliyachimba Baba Atu mwaka uleule wa mwisho. Nakumbuka nilimtania sana. Ukikaa na Wanyakyusa huhitaji kuuliza, mwanaume akichimba shimo nyuma ya jiko ni mgomba unakuja. Majirani nao walipita wakisema naona unaongeza migomba, na mama yake akaahidi kumletea machipukizi mazuri kutoka Tukuyu. Yeye alicheka tu, hakukubali wala kukataa. Migomba haikupandwa, akaugua.

Nikasafisha mashimo, nikasimika mianzi, nikashindilia mawe. Viroba vya unga na vya sukari nikavifua, nikavipasua, nikavishona kwa mkono vipande virefu, nikavitandaza juu kwa kuachanisha kidogo ili hewa ipite. Upande wa magharibi, ambako jua la saa tisa linaingia kwa ukali, nikaning'iniza kitenge changu cha zamani. Chini nikamwaga mchanga, nikaunyunyizia maji. Pasheni nikaipanda kwenye kona, mwakani itapanda juu yenyewe na viroba vitapumzika. Sikutumia pesa ya maana. Jirani alikuja kuangalia, akasema atamtengenezea na mjukuu wake.

Jana niliwaita. Walifurahi kweli. Lusajo alibiringika kwenye mchanga mpaka akawa na rangi ya chapati isiyopikwa. Nilimwona mama mkwe mlangoni kwake anatazama, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Usingizi wa jana ulikuwa mtamu.

Leo mchana nikatoka jikoni na uji wao. Chini ya viroba hapakuwa na mtu. Mchanga ulikuwa bado na alama za jana.

Walikuwa kwa baba yao. Mkeka, magunzi, vikopo, kila kitu kimerudishwa. Na mama mkwe alikuwa amesimama palepale mlangoni, safari hii hatikisi kichwa.

Nilipandwa na hasira ambayo sijui ilitoka wapi. Nilimnyanyua Lusajo kwa mkono mmoja. Nikamwambia Atu maneno ambayo sitayaandika hapa. Nikamuuliza kule kumekosekana nini, nimeshona mpaka vidole vimetoboka, kumekosekana nini?

Atu hakulia. Alikuwa anakusanya magunzi yake moja moja, anayaweka kwenye kikopo.

"Kule ni pazuri, mama," akasema. "Ila huku ndio kwetu. Baba alisema hizi bati ni za kwetu, za kuchezea. Alisema nisimwambie mtu mpaka amalize."

Nikakaa chini. Nilikaa juu ya vigae, mimi ambaye sijawahi kukaa pale.

Nikamuuliza taratibu, akanisimulia taratibu, kama mtu anayeelezea somo la jana. Ilikuwa baada ya parachichi kumwangukia Lusajo. Baba alisema atawajengea banda lao mbali na ule mti, mvua isiwapate na jua lisiwapate. Akamsimamisha Atu nyuma ya jiko, akamwambia anyooshe mikono. Ilipofika ncha ya kidole cha kulia akachimba shimo, ilipofika ya kushoto akachimba lingine. Akamgeuza, akapima tena. Alisema banda la Atu lazima limtoshe Atu.

Nikainuka, nikaenda kuangalia nguzo zangu. Nimeziangalia wiki nzima na sikuona kitu. Mashimo yamekaribiana sana. Hakuna Mnyakyusa duniani anayepanda migomba kwa kubananisha namna ile. Ukoo mzima uliozaliwa kwenye migomba umepita hapo, mama mkwe amepita hapo, kila mtu ameona ndizi.

Ukoo ulipoamua kazi ya mabati Atu alikuwepo pia, mtoto wa miaka minane, amesimama kando na gauni lake jeusi. Hakuna aliyemuuliza. Mtoto anaulizwa nini kwenye kikao cha ukoo?

Kwa hiyo watoto wangu walikuwa kwenye banda lao muda wote. Sisi wakubwa ndio tuliolihamishia kaburini.

Nilikwenda kumwambia mama mkwe. Nilimkuta anachambua maharage, nikapiga magoti nikasema yote bila kupamba. Hakuinua uso. Mikono yake iliendelea kidogo, ikaacha. Kisha akauliza jambo moja tu.

"Alimpima kwa mikono?"

Nikasema ndiyo, mama. Akaingia ndani akafunga mlango, maharage yakabaki nje kwenye ungo. Nimeyafunika mimi.

Nimefikiri tangu saa hizo na kila njia ina mwiba. Nikisema mabati yashushwe yarudi nyuma ya jiko, nitakuwa mwanamke wa Kihesa aliyemvua mume wake paa. Nikinyamaza, kesho kunafungwa waya, na Atu atasimama nje ya kitu alichopewa na baba yake, ananitazama mimi. Nikikubali waendelee kucheza kule, homa ijayo ya Lusajo itakuwa na jina langu.

Nina uchovu, na nina hasira na marehemu pia, niliandike hilo nalo. Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia mimi mkeo, siku ile shemeji anauliza ningekuwa na jibu. Ulitaka kunishangaza. Basi nimeshangaa.

Muda mfupi uliopita, nikiwa katikati ya kuandika haya, mlango wa nyumba ndogo umefunguka. Mama mkwe ametoka bila viatu. Nilidhani anaenda makaburini, lakini amekuja hukuhuku nyuma ya jiko, amepita karibu yangu kama hanioni, ameingia chini ya viroba. Amesimama katikati ya nguzo, amenyoosha mikono. Haikunyooka yote, mianzi ikamzuia huku na huku. Amekaa hivyo, ameishika mianzi yote miwili, na mgongo wake ukaanza kutikisika.

Sikwenda. Nilimwacha na mwanawe.

Sasa jua linashuka na kitenge changu kimewaka rangi. Watoto wako ndani wanagombania kijiko. Kesho asubuhi shemeji atafika na mafundi, na marobota ya waya, na kufuli. Nitamkaribisha chai. Akimaliza nitampeleka nyuma ya jiko, na sitasema neno lolote, maana maneno yangu hapa ni ya mgeni, ni ya Kihesa.

Nitamwita Atu asimame katikati, anyooshe mikono.