Kopo la Neema

Jumatatu, 9 Desemba
Nimechekecha majivu mara tatu leo. Puani bado yamo. Shangazi amesema majivu yangu ni safi. Neno moja tu, "safi", nikalibeba mchana kutwa.

Yuko likizo hapa kwa Bibi, Mandewa, lakini hapumziki. Ni mhandisi wa kemikali. Anatafuta kichocheo cha kugeuza mafuta yaliyokwisha kukaangiwa kuwa dizeli. Miaka sita amejaribu madini ya ng'ambo, yakamwangusha. Sasa ni zamu ya majivu. Yasipofaa, chuo kitavunja kikundi chake. Tasnifu yake nimeisoma mara mbili, na kamusi pembeni.

Jioni kaja Neema wa Baba Mdogo, kutoka Shelui. Kapanda lori la vitunguu. Kemia ana F.

Jumanne, 10 Desemba
Neema kachovya kidole kwenye majivu yangu, akalamba.

"Shangazi, haya mmechanganya na kuni. Ukiyatia kwenye mlenda haulainiki hata ukeshe. Choma vichwa vya alizeti vitupu."

Shangazi akaacha kalamu. Akacheka, akamvutia kigoda. Wamezungumza saa nzima. Juzi mimi nilimweleza Shangazi habari za potasiamu iliyomo kwenye majivu, akaitikia "ehe" huku anatazama simu.

Namchukia Neema. Nimeandika, basi.

Alhamisi, 12 Desemba
Makopo mawili mezani. Langu, majivu ya jikoni. La Neema, alizeti tupu. Shangazi anamwita "mtaalamu wangu". Anamwita mbele ya Bibi, mbele ya wageni.

Wakati wa chakula katutangazia: Juni atamchukua mmoja wetu, mwezi mzima maabarani kwake, Dar. Chumba kina kitanda kimoja. Ataangalia kazi yetu.

Nimeitaka maabara hiyo tangu darasa la sita. Neema kauliza kama huko kuna chipsi.

Jumamosi, 14 Desemba
Mvua tangu asubuhi. Wamekwenda sokoni, nimebaki peke yangu.

Nilifungua kifuniko cha kopo la Neema. Nikaliweka dirishani. Sikumwaga maji, sikugusa majivu. Nilikaa na kitabu na sikusoma hata mstari. Waliporudi lilikuwa limefungwa, liko mahali pake.

Majivu hayo yananyonya unyevu, na unyevu huharibu dizeli. Najua. Iko kwenye tasnifu yake, sura ya tatu.

Jumatatu, 16 Desemba
Jaribio. Chupa yangu ilijitenga polepole: dizeli juu, gliserini chini. Hafifu, lakini ilijitenga. Ya Neema ikawa uji mweupe wenye povu. Sabuni.

"Basi tufue, Shangazi," Neema akasema.

Shangazi aliketi. Sikuwahi kumwona ameketi hivyo, mikono imelala mapajani. Kisha akaandika daftarini kwa wino: alizeti haifai. Akaniambia nijiandae kwa Juni. Nikasema asante.

Jumanne, 17 Desemba
Neema amefurahi kwa ajili yangu. Kanisuka nywele, eti nisiende Dar manyoya timtim kama mbuzi wa Unyambwa. Afadhali angenuna.

Yale maneno ya wino watayasoma wengine. Wataiacha alizeti. Mimi ninayeamini kila kilichochapishwa nimetia uongo mle. Na Shangazi atarudi kwa wenzake mikono mitupu.

Jumatano, 18 Desemba
Nimemwambia Shangazi. Alikuwa anaosha chupa. Nilianza na shikamoo ingawa nilikwishamwamkia.

Hakugeuka. Akaniuliza, "Ulifungua saa ngapi?" Saa tatu. "Ukafunga?" Saa saba. Akakausha mikono, akafungua daftari, akaandika saa zote mbili. Jina langu hakuandika.

"Juni ataenda Neema."

Ndiyo, Shangazi.

"Sasa mwite, umwambie mwenyewe. Halafu mkachome mengine."

Nilimwambia Neema nyuma ya banda la kuku. "Mjinga wewe," akasema. "Mimi ningemwaga maji." Lakini hakula pamoja nami.

Ijumaa, 20 Desemba
Majivu mapya, yamekaangwa yakakauka kabisa. Shangazi alinipa kazi ya kuandika muda kwa sababu mwandiko wangu unasomeka. Chupa ya Neema ikajitenga kabla sijamaliza ukurasa. Juu njano safi, unaona mpaka upande wa pili.

Neema akapiga kigelegele, Bibi akamjibu kutoka jikoni. Shangazi alitoka nje. Nadhani alilia.

Niliandika namba zote. Ni za kweli. Wivu haujapungua hata kidogo.

Jumapili, 22 Desemba
Shangazi kaondoka na basi la alfajiri. Kanishika bega.

Mchana Neema kaja na madaftari yake. Hataki kufika maabara bila kujua kitu, na mwalimu wao anafundisha mbiombio. Tumekaa kibarazani tukaanza na hidrojeni, elementi ya kwanza. Anauliza maswali mazuri. Mengine sikuwahi kuyafikiria.

Kesho tutaendelea na heliamu.