Karibu ya Ghorofa ya Tano

Mdogo wangu Mwanaidi,

Nakuamkia kutoka Darsait, huku ugenini, ambako jua likichomoza tu, ukuta haugusiki.

Tangu arudi kutoka masomoni Marekani, mwanangu Salim hukitamani chakula cha asubuhi cha huko. Leo nikampikia: mayai, viazi vya kukaanga, nyama ya ng'ombe nyembamba, na pankeki, ambazo ukizitazama ni chapati za maji zilizonenepa. Mkono wangu haujui kukorogea watu wawili. Nimekoroga unga wa watu wanane, kama nyumbani. Salim akabugia moja wima, "Mama, nimechelewa," akenda zake kazini.

Nikafungua mlango, nikakaa na sahani zangu, kila apitaye namwambia, "Karibu." Wananitazama, wanapita. Mwanamke mmoja akaingia kwenye lifti, na milango inajifunga nikamsikia: "Starehe, mama!" Kiswahili chetu kabisa, Mwanaidi, cha Unguja! Nikainuka mbio, lifti imeshashuka naye.

Pankeki zimepoa, nimezifunika kwa kawa. Nibusie watoto wote. Mimi nnamngoja yule mwanamke arudi, mlango sijaufunga.

Dadako, Zuwena