Baba Mkwe Ndiye Anayeleta Wageni

Mshauri mpendwa, neno hili sijamwambia mtu, hata mama: kila siku naomba uchumba wangu uvunjike, na sababu ni nyumba.

Nimemaliza darasa la nane juzi tu. Kaka yangu Asukile yuko kwenye migodi ya shaba, na nyumba yake ya mianzi iko kando ya njia wanayopita Wazungu wa Mbeya wakienda kupanda Mlima Rungwe siku za mapumziko, basi nikaifagia, nikaipaka udongo mweupe, nikatandika vitanda, na walimu wawili wa kike waliokuja peke yao wakalala, wakalipa, wakaahidi kuwaambia wenzao, na tangu hapo situlii, nawaza madirisha, nawaza kujenga ya pili.

Wenzao wamekuja kweli, lakini wakiongozwa na baba yake Saulo, mchumba wangu, na kwa sisi Wanyakyusa mimi siruhusiwi kuonana na baba mkwe wala kutaja jina lake, kwa hiyo nilikimbilia migombani, moto nimeuacha unawaka, nikamsikia bibi mmoja wa Kizungu akiuliza nani ametandika vitanda, naye baba mkwe akajibu taratibu, "Panya wa huku ni wasafi sana, memsabu." Walicheka, wakangoja, mvua ikaanza, wakashuka. Hakuna kiongozi mwingine wa njia ile, na ng'ombe wa posa wameshafika kwetu. Nivunje uchumba au niache nyumba? Nakusihi usitaje jina langu wala kijiji, iwe siri yetu sisi wawili.

*

Binti yangu, jina nimelificha. Lakini umenichekesha. Moto unawaka, vitanda vimetandikwa, nawe unadhani mzee hakujua uko migombani? Alijua. Alikuwa akingoja atokee mtu anayeruhusiwa kusema naye, na mtu huyo ni mama yako, ambaye umemficha. Mwambie leo. Wageni wakija, yeye akae mlangoni, wewe kaa jikoni upike.

Na ukimrudishia mzee ng'ombe wake, nani atakuletea wageni? Atawapeleka kwa mwingine, wala sitamlaumu. Mwandikie na Asukile, kabla hajasikia kwa watu kwamba Wazungu wanalala kitandani mwake. Nyumba ni yake, si yako.

Limebaki moja. Umenieleza udongo, vitanda na madirisha. Saulo umemtaja jina tu. Mtoto wa watu usimwache kwa ajili ya dirisha. Ila kama humtaki yeye mwenyewe, mwambie baba yako sasa, kabla ng'ombe hao hawajazaa, mkadaiwa na ndama.