Nilidhani Namwandikia Shemeji, Kumbe Nakiandikia Kiwanda

Mheshimiwa Mshauri,

Kwa heshima na taadhima naomba uniokoe kabla ya Jumanne. Mimi ni fundi saa, na ingawa shule niliiacha mapema, nimejifunza mwenyewe kuandika barua rasmi, hivyo mume wa dada yangu aliponiomba niandae maombi ya kuisihi kamati ya bunge isipige marufuku soda katika maduka ya shule, niliona ni heshima, nikaandika "Sisi wazazi wa mtaa huu", na kwa kuwa sheria inamtaka kila anayekwenda kuwashawishi wabunge atangaze kwenye fomu ametumwa na nani, nikaijaza na fomu hiyo, nikaandika "Wazazi", nikatia sahihi kama katibu wao. Juzi nilikwenda kwao kutengeneza saa ya ukutani, na kando yake nikaona kalenda ya kiwanda cha soda, shemeji yuko mstari wa mbele na tai shingoni, chini imeandikwa: Ofisa wa Kiwanda, Mahusiano na Wabunge. Nilipomuuliza alicheka, akasema, "Shemeji, kwani wewe si mzazi? Basi hujasema uongo." Dada ananililia kwamba nikifichua, mumewe atafukuzwa na nyumba, ambayo kumbe hulipiwa na kiwanda, wataihama. Kamati inapiga kura Jumanne. Je, ninyamaze?

Katibu Asiye na Wanachama

Ndugu Katibu,

Pole. Hata mimi nimeisoma barua yako mara mbili nisiamini. Lakini hebu niambie, uliwauliza wazazi wangapi? Shemeji kakutumia, sawa, ila hiyo "Sisi" uliibuni wewe, kwa sababu ilipendeza kwenye karatasi. Kiwanda kinaruhusiwa kujitetea, mradi kiseme ni kiwanda. Sasa wabunge wataamua kuhusu watoto wa watu wakidhani wamewasikia wazazi wao.

Usinyamaze. Leo mweleze dada yako ana kwa ana, asije akayasikia redioni. Jumatatu ofisi zikifunguliwa, nenda kwa karani wa kamati, omba kurekebisha fomu, uandike kwamba aliyetuma ni kiwanda na wazazi hawakuulizwa. Usiipambe. Dai nakala yenye muhuri. Shemeji akikufuata hadi mlangoni, usibishane naye. Mwombe karani ampe naye fomu yake, aijaze mwenyewe.